Safari ya Lokitaung na Kikapu cha Pamoja: Pale Mtandao Unapoishia

Pasaka tulienda Lokitaung. Tulikuwa marafiki sita, wanne kati yetu wakiwa wafanyakazi wa kampuni hii hii inayokufundisha kila wiki jinsi ya kutuma pesa kwa usalama. Tulirudi Nairobi tukiwa na picha kama mia tisa, mchanga ndani ya viatu, na hasara ya shilingi 4,000 iliyotokana na kosa ambalo sisi wenyewe tumelionya kwenye ukurasa huu mara nyingi. Tumeona ni haki tulieleze lote, kwa sababu msimu wa safari unakaribia na wengi wenu mtakuwa mnachangishana kama tulivyochangishana.

Kwanza njia yenyewe. Tulipanda basi la usiku hadi Kitale, na asubuhi tukakuta Land Cruiser tuliyokodi pamoja na dereva wake, kijana mzaliwa wa Lodwar. Kutoka Kitale unapita Kapenguria, halafu barabara inaanza kuteremka Marich, na hapo unaanza kuvua sweta. Milima ya Pokot inabaki nyuma, joto linakupokea, na ukishavuka daraja la Kainuk umeingia Turkana. Wanaokumbuka barabara hii ilivyokuwa zamani watakuambia ilikuwa adhabu. Siku hizi kuna lami nzuri kwa sehemu kubwa, hata kupita Lodwar kuelekea Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini.

Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti na ndipo tulipolala. Mto Turkwel unapita pembeni, kijani kibichi katikati ya nchi ya kahawia, ingawa kijani kingi ni cha mathenge, ule mti wa miiba unaotoboa magurudumu bila huruma. Kama unakwenda kaskazini zaidi, shughuli zako zote za pesa na mafuta zifanye Lodwar. Tutaeleza kwa nini.

Kikapu kimoja, simu moja

Tulikuwa tumechanga shilingi 24,000 kila mtu, jumla 144,000. Gari na dereva vilikula zaidi ya nusu. Tulimchagua mweka hazina, dada mmoja makini sana ambaye kazini anashughulika na mahesabu, na wote tukamtumia kwenye laini yake. Kila jioni alikuwa anatuwekea kwenye kikundi cha WhatsApp orodha ya matumizi. Mpaka hapo tulikuwa wanafunzi wa kuigwa.

Shida ya mpango huu hukuoni ukiwa Nairobi. Pesa zote za watu sita zilikuwa kwenye simu moja, laini moja, mtandao mmoja. Simu ikizima, watu sita wamefilisika. Simu ikianguka ziwani, watu sita wamefilisika. Na mtandao ukikosekana, ile 41,000 iliyokuwa imebaki siku ya tatu ni sawa na picha ya chakula. Unaiona lakini huli.

Tungefanya hivi, na ndivyo tunavyokushauri: mweka hazina abaki mmoja kwa ajili ya hesabu, lakini kabla ya kuondoka mji mkubwa wa mwisho, agawe sehemu ya kikapu kwa mtu wa pili mwenye laini ya mtandao tofauti. Kuna vituo ambavyo mlingoti ni wa kampuni moja tu, na ukiwa na laini ya nyingine unashika simu kama kipande cha sabuni. Gharama ya kutuma mara moja zaidi ni ndogo kuliko gharama ya kukwama.

Na kuna pesa taslimu. Tunajua, kampuni ya malipo ya simu kukuambia ubebe noti ni kama mwenye hoteli kukuambia ubebe chakula. Lakini ukienda kaskazini ya Lodwar, beba noti.

Kwa nini ajenti anaweza kukosa pesa

Watu wengi hudhani ajenti akisema "leo hakuna" anaringa. Ajenti ana mifuko miwili. Mmoja ni floti, yaani pesa zilizo kwenye laini yake ya kazi, na mwingine ni noti zilizo kwenye droo. Wewe ukiweka pesa, noti zinaingia kwenye droo na floti inapungua. Ukitoa, noti zinatoka na floti inaongezeka. Biashara inamwendea vizuri pale wanaoweka na wanaotoa wanapokaribiana.

Sasa fikiria senta ndogo ya Turkana. Pesa nyingi zinaingia kwa simu kutoka nje: mtoto aliyeajiriwa Nairobi anatumia wazazi, mwalimu analipwa mshahara, jamaa aliye Kitale anatuma ya karo. Watu wanakuja kutoa. Wanaokuja kuweka ni wachache, kwa sababu wenye noti nyingi ni wafanyabiashara, na wao wanazihitaji kununua mzigo. Kwa hiyo droo inaisha kabla ya saa sita mchana wakati floti imejaa. Kuijaza tena, ajenti anahitaji benki, na benki iko Lodwar au Kakuma. Hiyo ni safari ya siku nzima, na nauli juu.

Kakuma ni hadithi nyingine. Kambi ilianza 1992, na mji ulioizunguka umekuwa soko kubwa kweli kweli. Utafiti wa IFC wa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 huko, na tangu 2015 wakimbizi walianza kupokea sehemu ya chakula chao kama salio la simu la kutumia madukani, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Ukiwa Kakuma, noti zinazunguka. Sisi hatukupita Kakuma. Tulikata kulia kwenye njia panda ya Lokitaung, kama kilomita 80 kutoka Lodwar, tukaelekea Kaeris tukiwa na noti za shilingi 9,000 kwa watu saba pamoja na dereva. Tuliona zinatosha.

Lokitaung

Barabara ya vumbi na mawe, ngamia, vichuguu virefu vyembamba kama nguzo, na mbele yako milima ya Lapurr. Lokitaung yenyewe ni senta ndogo iliyokaa katikati ya vilima vya mawe meusi. Ukisimama pale jioni upepo ukianza, unaelewa mara moja kwa nini serikali ya mkoloni iliuona mji huu unafaa kwa kuficha watu.

Kapenguria, tuliyoipita siku ya kwanza, ndipo Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba walipohukumiwa Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Kesi iliishia Kapenguria, lakini kifungo kilikuwa Lokitaung. Kenyatta alikaa huku hadi 1959, kisha akahamishiwa Lodwar. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa umri, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Rafiki yetu mmoja, ambaye nyumbani hajawahi kuosha hata kikombe, alilifikiria hilo kwa muda mrefu, na usiku ule akaosha masufuria bila kuambiwa.

Asubuhi tulitaka kuteremka ziwani kupitia bonde la Lokitaung. Hii ndiyo sehemu tuliyoisafiria. Njia inafuata laga, mto wa mchanga ambao siku nyingi za mwaka hauna tone la maji, na kuta za mawe zinapanda pande zote mbili mpaka unaona anga kama utepe. Jua linapogonga ukuta wa mashariki, mawe yanabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka kijivu hadi nyekundu ya kutu. Kila mtu alinyamaza. Hata dereva alizima redio, naye ameiona njia ile tangu utotoni.

Kisha gari likazama.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Kwetu haikudondoka hata tone. Ndiyo hatari ya laga: maji yanaweza kukujia kutoka mvua usiyoiona. Bahati yetu mafuriko yalikuwa yamepita alfajiri, lakini yaliacha mchanga umelegea kama uji chini ya ganda kavu. Magurudumu ya nyuma yaliingia mpaka ekseli. Tulichimba kwa sahani. Vijana wachungaji watatu wakaja kusukuma pamoja nasi. Mweka hazina wetu alikuwa amesimama juu ya jiwe, ameinua simu juu kama mwenye kuomba mvua. Mtandao hakuna.

Karibu saa saba lori la samaki lilikuja kutoka upande wa Lowarengak, likipanda kwenda Lokitaung. Walitufunga kamba, wakatuvuta mpaka mchanga mgumu, na wakasema shilingi 6,000. Hatukubishana. Kwa pale, bei ilikuwa ya heshima. Lakini baada ya kuwashukuru wale vijana na matumizi ya siku iliyotangulia, noti zote tulizokuwa nazo zilikuwa 2,300. Tukawafuata hadi Lokitaung tukijua kwamba pale mtandao upo. Jana yake ulikuwepo. Siku ile mlingoti ulikuwa umezima tangu asubuhi.

Hapo ndipo tulipokutana na mzee mwenye duka. Dereva wetu alimsalimia, "Ejok," wakaongea Kiturkana kidogo, kisha mzee akafungua droo, akahesabu shilingi 4,000, akampa turniboi wa lori. Sisi tukaongeza 2,000 zetu. Mmoja wetu akauliza kama anataka tumwachie kitambulisho. Mzee akacheka.

"Mtarudi Nairobi na nini? Kunayo barabara moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Mtapotelea wapi? Mtandao ukikuja, mtatuma."

Akaandika nambari yake kwa kalamu kwenye kipande cha pakiti ya unga. Tulimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemuuliza jina lake kamili.

Kosa lenyewe

Tulipita tena bonde, safari hii tukimfuata mtu anayejua, tukalifikia ziwa. Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi duniani lililo jangwani, na rangi yake ya kijani haiko kwenye picha zetu hata moja jinsi tulivyoiona. Kusini ya pale ni Nariokotome, ambapo 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe, na kikaja kuwa mifupa ya yule kijana wa Turkana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Bado mbele kidogo ni Lomekwi, kulikopatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3. Mmoja wetu alisema watu wamekuwa wakipoteza vitu hapa kwa muda mrefu. Hatukujua bado kwamba anatusema sisi.

Kalokol simu zilianza kulia zote kwa pamoja. Meseji za siku mbili. Mweka hazina akatoa kile kipande cha pakiti na kuandika nambari, shilingi 4,000, tena akaongeza ya kutolea, mzee asikatwe. Kwenye skrini likatokea jina la mwanamke. Akasita. Akatuuliza, na sisi sote, watu tunaolipwa kuwafundisha wateja kusoma jina kabla ya kubonyeza, tukamwambia, "Pengine ni laini ya mkewe." Akabonyeza.

Tarakimu ya saba ilikuwa sifuri iliyofungwa vibaya. Sisi tulisoma sita.

Tuligundua kesho yake saa tano, tukiwa Eliye Springs chini ya mikoma, miguu ndani ya maji ya chemchemi. Dereva alipigiwa na binamu yake wa Lokitaung. Mtandao ulikuwa umerudi, na mzee alikuwa anauliza, kwa upole, kama tulifika salama. Hakutaja pesa. Binamu ndiye aliyetaja.

Hakuna aliyeogelea tena. Ni vigumu kueleza aibu ile. Shilingi 4,000 zinaweza kurudi kwa njia moja au nyingine, lakini mtu alitupa pesa za duka lake bila karatasi, na kwa saa kumi na tisa alikuwa na haki ya kutufikiria wezi. Tulimpigia, tukamtajia nambari tarakimu moja moja, akatuambia jina lililo kwenye kitambulisho chake, tukalilinganisha na la kwenye skrini, tukatuma mara ya pili kabla ya kukata simu. Akasema imefika.

Ukituma kwa nambari isiyo yake

Zile za kwanza tuliziripoti mara moja kwa wahudumu wa wateja, kama mteja mwingine yeyote. Jibu lilikuja mchana: pesa ilikuwa imeshatolewa kwa ajenti jioni ile ile. Wengi hulalamika hapa, kwa hiyo tufafanue.

Ukiomba pesa irudishwe, tunachoweza kufanya upesi ni kuzuia kiasi hicho kwenye akaunti ya aliyepokea, kama bado kiko. Ndiyo maana dakika zina maana. Ombi la dakika tano baada ya kutuma mara nyingi linaikuta pesa. La kesho yake mara nyingi halikuti kitu. Kama imeshatolewa, hatuwezi kuchukua pesa nyingine za mtu huyo kwa nguvu, wala kukupa jina na mahali anapoishi. Tunawasiliana naye na kumwomba. Akikataa, hatua inayofuata ni polisi. Na si kwamba sheria imenyamaza: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inasema anayezuilia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka miwili. Sisi tulimpata mpokeaji kwa njia ya wahudumu, akaahidi, na mpaka leo ni ahadi. Tuligawana hasara, shilingi 667 kila mtu na senti za kubishania.

Usimpigie mpokeaji wewe kabla ya kuripoti. Tunajua ndilo jambo la kwanza linalokujia akilini. Lakini mtu asiye mwaminifu ukimpigia umempa taarifa ya kukimbilia ajenti. Ripoti kwanza.

Na ukiwa wewe ndiwe uliyepokea, au mtu akikupigia kudai amekutumia kimakosa, usimtumie chochote kwa mkono wako. Angalia salio lako, si meseji, kwa sababu meseji huigizwa. Kama pesa ipo kweli, iache ilipo na umwambie aripoti kwa kampuni yake. Itarudishwa bila wewe kubonyeza kitu.

Kuhusu mtandao dhaifu, lile lililotupata Kalokol baadaye nusura litupate mara mbili. Programu ya simu inahitaji intaneti, lakini menyu ya kupiga kwa nyota na alama ya reli inahitaji mawimbi ya kawaida tu, kwa hiyo mahali ambapo programu inazunguka bila mwisho, jaribu menyu. Mawimbi yakikatika katikati ya kutuma na usipate meseji, usirudie. Subiri, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti, ndipo uamue. Mmoja wetu alikuwa tayari amebonyeza mara ya pili kulipia samaki. Kilichomwokoa ni betri kuisha.

Noti tungebeba ngapi? Kwa hesabu ya sasa tunaona shilingi 20,000 kwa kundi la watu sita kutoka Lodwar hadi ziwani na kurudi, zitolewe mara moja ili mkatwe ada mara moja, asubuhi kabla ajenti hajaishiwa, na mwende na kitambulisho halisi kwa sababu picha yake kwenye simu haikubaliki. Ombeni za mia na mia mbili. Mama anayeuza vikapu vya mkoma kando ya barabara hana chenji ya elfu moja, na si kazi yake kuitafuta. Zigawanye kwa watu watatu.

Nambari za watu mnaoweza kuwadai au kuwadaiwa, zihifadhi kwenye simu papo hapo hata kama hakuna mtandao. Kuhifadhi hakuhitaji mtandao. Kisha msomee mwenyewe kwa sauti, na uulize jina la kwenye kitambulisho. Kama laini ni ya mkewe au ya mtoto, atakuambia, na hutabaki kukisia Kalokol.

Wiki tatu baada ya kurudi, dereva alitutumia picha ya duka la Lokitaung. Mzee amesajili nambari ya tili, na imepakwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, kila tarakimu ukubwa wa kiganja. Sifuri zake zote amezikata kwa mstari katikati.